Siri ya Mtungi Aijuaye Kata: Wakili Kichwa-Uji na Watoto Wawili wa Mississippi

Walimu wenzangu wanaofundisha fasihi wanajua jinsi ilivyo vigumu kumnyang'anya mwanafunzi kitabu cha upelelezi. Mwanafunzi yule yule anayesinzia mchana tunapochambua utenzi, usiku hukesha na kibatari akitaka kujua nani alimwua tajiri. Kwa msomaji wa Kiswahili jina linalokuja upesi ni la Bwana Msa, yule bwana wa kiko aliyebuniwa na Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi huko Unguja. Hadithi yake ya kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda katika mashindano ya uandishi wa hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957/58, ikachapishwa mwaka 1960. Bwana Msa si askari. Hana kofia ya serikali wala mshahara wa serikali. Spekta Seif ndiye mwenye cheo, lakini Bwana Msa ndiye mwenye jibu. Anafanya upelelezi kama wengine wanavyocheza bao, kwa kupenda tu.

Katika makala haya sikusudii kumzungumzia Bwana Msa mwenyewe, maana habari zake zimekwisha andikwa na wanaomjua zaidi. Nakusudia kumleta barazani mzee mmoja wa ukoo wake, mpelelezi wa kujitolea aliyezaliwa kitabuni miaka zaidi ya 60 kabla yake, huko Marekani, kandokando ya mto Mississippi. Jina lake ni David Wilson. Wenyeji wa mji wake walimbandika jina la Pudd'nhead, nami nimehangaika siku nyingi nikitafuta namna ya kulifasiri. Neno la kwanza kunijia lilikuwa "kichwamaji", lakini hilo limekwisha chukuliwa na Euphrase Kezilahabi kwa riwaya yake ya mwaka 1974, na tena Kichwamaji cha Kezilahabi kina uchungu wa namna nyingine kabisa. Jina la Wilson linatokana na chakula laini cha kukorogwa, kisichohitaji meno. Nimeamua kumwita Kichwa-Uji. Atakayepata neno bora na alilete.

Jina hilo alilipata siku ya kwanza. Mwezi wa Februari mwaka 1830 Wilson, kijana wa miaka 25 aliyesomea sheria, alishuka katika mji mdogo wa Dawson's Landing, jimbo la Missouri, akitafuta bahati yake. Alipokuwa akizungumza na kundi la wenyeji, mbwa mmoja asiyeonekana akaanza kubweka na kulia hata masikio yakauma. Wilson akasema, kama mtu anayejisemea, kwamba anatamani angekuwa na nusu ya mbwa yule. Kwa nini? akaulizwa. Akajibu kwamba angeiua nusu yake. Wenyeji wakatazamana. Wakajitenga kando, wakafanya kikao. Mmoja akatoa hoja kwamba nusu moja ikifa nusu nyingine nayo itakufa; mwingine akauliza ni nani atakayelipa; na wote wakakata shauri kwamba mgeni huyu kichwani mwake hamna kitu. Kwa mzaha huo mmoja Wilson alikaa zaidi ya miaka 20 bila kupata mteja wa kesi. Aliishi kwa kupima ardhi na kuwatunzia wafanyabiashara hesabu zao. Mwalimu ye yote aliyewahi kufanya mzaha siku ya kwanza katika shule mpya atamwonea huruma.

Mtu asiye na kazi hujitafutia kazi. Wilson alikuwa na sanduku lenye mifuo, na ndani yake vipande vya kioo. Akikutana na mtu humwomba apitishe vidole katika nywele zake ili vipate mafuta kidogo, kisha abonyeze kioo, kidole kimoja baada ya kingine. Hubandika chini yake jina na tarehe, akaweka. Baada ya miaka kadhaa huchukua alama za mtu yule yule tena na kuzilinganisha. Watu walimpa vidole vyao kwa kicheko. Walikwisha jua kwamba ni uji, na sasa waliona umeanza kufurika.

Mwandishi wa hadithi hii ni Mark Twain, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Samuel Langhorne Clemens. Alizaliwa Missouri mwaka 1835, akakulia Hannibal kando ya mto huo huo, katika jamii iliyokuwa na watumwa majumbani na mashambani, na katika ujana wake alikuwa rubani wa meli za mvuke. Aliyoyaandika juu ya Dawson's Landing aliyajua kwa macho yake. Riwaya ilitoka kwa sehemu sehemu katika jarida la Century kuanzia Desemba 1893 hadi Juni 1894, na mwaka huo huo wa 1894 ikawa kitabu. Aliiandika akiwa Ulaya, akiandamwa na madeni. Kampuni yake ya uchapishaji ilianguka mwezi wa Aprili 1894. Hapo mwanzo hakukusudia kuandika habari za utumwa hata kidogo. Alikusudia kichekesho juu ya mapacha wa Kiitalia walioungana mwili, kisa alichokipata kwa kuwaona ndugu wawili wa kweli wa namna hiyo wakionyeshwa kwa watu. Katika kichekesho hicho pacha mmoja anakunywa pombe na mwenziwe asiyekunywa ndiye anayelewa. Mguu unampiga mtu teke na mahakama inashindwa kuamua ni mguu wa nani. Lakini kila alipoendelea, mama mmoja mtumwa aliingia hadithini bila kualikwa, akaketi, na asiondoke. Mwishowe Twain akazitenga hadithi mbili. Mapacha wakabaki ndani ya riwaya kubwa wakiwa wamekwisha tenganishwa, kila mmoja na miguu yake.

Mama huyo ni Roxana, kwa kifupi Roxy. Tarehe 1 Februari 1830 walizaliwa watoto wawili wa kiume katika nyumba ya Percy Driscoll, tajiri wa mji. Mmoja ni wa mke wake Percy, akaitwa Tom. Mwingine ni wa Roxy, mtumwa wa miaka 20, naye akaitwa Valet de Chambre. Roxy alilisikia neno hilo mahali akalipenda mlio wake, bila kujua kwamba kwa Kifaransa ni "mtumishi wa chumbani". Watu wakalikata kuwa Chambers. Mke wa Percy alifariki katika wiki ile, na watoto wote wawili wakaachwa mikononi mwa Roxy. Walifanana mno. Baba mzazi wa Tom mwenyewe hakuweza kuwatofautisha ila kwa nguo: mwenye kitani laini na mkufu ndiye mwanawe, mwenye gunia ndiye mtumwa.

Walifananaje? Roxy, kwa kumtazama, alikuwa mwanamke mweupe. Katika mababu zake 16, mmoja tu ndiye aliyekuwa Mwafrika. Mwanawe, ambaye baba yake alikuwa mmoja wa waungwana wa mji, alikuwa na sehemu moja tu kati ya 32. Sehemu 31 hazikumsaidia kitu. Tangu mwaka 1662 koloni la Virginia lilikuwa limetunga sheria kwamba mtoto hufuata hali ya mama yake, na majimbo mengine ya watumwa yakaifuata kanuni hiyo. Kabla ya hapo Waingereza walizoea kwamba mtoto hufuata baba. Sababu ya kuigeuza desturi ya wazee wao haikuwa ya kuficha: bwana aliyezaa na mtumwa wake hakupoteza mali, bali aliongeza mali. Basi wale wenyeji waliomcheka Wilson kwa sababu ya nusu ya mbwa waliishi raha mustarehe na sheria iliyomgawa binadamu mafungu 32, ikachagua moja.

Hapa msomaji wa pwani yetu atasita kidogo. Katika sheria ya Kiislamu iliyofuatwa Zanzibar na miji ya pwani, mtoto wa suria ambaye bwana amemkubali kuwa wake ni mwungwana kama ndugu zake wengine, na mama yake hawezi kuuzwa tena, na bwana akifa huwa huru. Watoto wa Sayyid Said bin Sultan walizaliwa na masuria, na baadhi yao walikalia kiti cha enzi. Kwa sheria hiyo, na kama baba yake angemkubali, Chambers asingehitaji kubadilishwa na mtu. Sisemi hivi ili kuupamba utumwa wa pwani. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 tu, tena kwa kulazimishwa, na hali ya utumwa haikufutwa kisheria huko mpaka mwaka 1897. Na waliofikishwa katika soko hilo wakiwa wamefungwa wasingefarijika kwa somo la mirathi. Nasema tu kwamba swali la "huyu ni mtoto wa nani" hujibiwa na sheria kabla ya kujibiwa na damu.

Turudi kwa Roxy. Siku moja katika mwezi wa Septemba vifedha kidogo vilipotea nyumbani mwa Percy. Akawakusanya watumwa wake, akawapa dakika moja: mwizi asipojitaja, atawauza wote kusini, kufuata mto. Maneno hayo mawili, "kufuata mto", yalikuwa na uzito ambao msomaji wa leo hana budi kuelezwa. Missouri ilikuwa na utumwa wa nyumba na mashamba madogo. Kusini kulikuwa na mashamba makubwa ya pamba na miwa, msimamizi na mjeledi, na aliyepelekwa huko jamaa zake walimwombolezea kama maiti. Wezi wakajitaja upesi, wakauzwa hapo hapo mjini, na Percy akalala usingizi akijiona mtu mwema. Roxy hakulala. Usiku ule alifahamu kwamba mwanawe aliyelala katika mwanamizi wake aweza kuuzwa kesho kwa neno la hasira. Akakusudia kujitosa mtoni pamoja naye. Akavaa gauni lake zuri asije akaonekana mnyonge huko aendako. Akamtazama mtoto katika kanzu yake ya gunia, akaona haya, akamvika nguo za Tom. Hapo alipomtazama tena ndipo shauri jipya lilipomjia. Akambadilishia mkufu. Akambadilishia kitanda. Asubuhi yake mtumwa aliamka bwana, na bwana aliamka mtumwa.

Alimwogopa mtu mmoja tu. Mji mzima ulimwita Wilson mjinga, lakini Roxy alimwona kuwa ndiye mwenye akili kuliko wote, na tazama, katika mji ule ni yeye peke yake aliyelijua hilo. Basi akawapeleka watoto kwake kumjaribu. Wilson akawachekea, akachukua alama za vidole vyao kama alivyozichukua mara mbili kabla, akaandika majina aliyoambiwa na tarehe, akatia kioo sandukuni. Hakuona kitu. Roxy akarudi nyumbani na moyo mweupe. Kumbe kata imekwisha ingia mtungini.

Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na sehemu ya katikati ya riwaya ni ufafanuzi mrefu na wa kuchekesha wa methali hiyo. Tom wa bandia alilelewa kama yai. Alililia kila kitu akapewa. Alimpiga Chambers, na Chambers alikatazwa kumrudishia. Roxy mwenyewe, aliyeanza kumwita "bwana" ili kuificha siri, aliizoea heshima hiyo mpaka ikawa ya kweli. Akawa mtumwa wa mwanawe. Mwaka 1845, karibu na kufa kwake, Percy alimwacha Roxy huru. Kijana wa miaka 15 akachukuliwa na ndugu yake marehemu, Jaji York Driscoll, ambaye yeye na mkewe waliishi miaka mingi wakililia mtoto. Chambers alikuwa amekwisha nunuliwa na Jaji huyo huyo, maana kijana alikuwa amemshauri baba yake amwuze kufuata mto.

Juu ya kupanga mtoto kuna jambo la kihistoria ambalo huenda likawafaa walimu wa uraia. Sheria ya jimbo la Massachusetts ya mwaka 1851 ndiyo inayohesabiwa mara nyingi kuwa ya kwanza katika sheria za kisasa za kupanga watoto. Uingereza yenyewe haikuwa na sheria kama hiyo mpaka mwaka 1926. Kwa hiyo uwana wa kijana huyu kwa Jaji ulisimama juu ya mambo mawili, kauli ya mzee na wasia wake. Mzee aliuchana wasia alipokasirika, akauandika upya alipopoa. Nasi wengi hapa twaijua namna nyingine: Waislamu huruhusiwa, bali husifiwa, kumlea mtoto wa mwingine, lakini Kurani katika sura ya Al-Ahzab yaagiza watoto waitwe kwa majina ya baba zao waliowazaa, ili malezi yasifute nasaba. Na katika vijiji vyetu mtoto wa ndugu huhamia kwa ndugu bila karatasi yo yote. Kila mtu anajua, na hakuna anayesema.

Nitakiri jambo hapa. Miaka kadhaa iliyopita, katika shule moja niliyofundisha, nilikuwa nikijaza fomu za mtihani. Mwanafunzi mmoja alikuwa na jina moja la baba katika daftari la shule na jina jingine katika cheti cha ubatizo. Nikajifanya Bwana Msa. Nilimsimamisha mbele ya wenzake, nikamwuliza, kwa mzaha uliowachekesha, kama ana baba wawili. Kijana akanyamaza. Baadaye nilipata habari kwamba aliyemwita baba ni baba yake mdogo, na kwamba kijana mwenyewe alikuwa ameambiwa jambo hilo usiku wa kuamkia siku ile, kwa sababu ya fomu zangu. Alifanya mtihani akafaulu. Hajapata kunisalimu tangu siku ile, nami simlaumu.

Roxy naye siri ilimtoka kwa hasira. Alipopata uhuru alikuwa mtumishi wa vyumba katika meli ya mvuke kwa miaka minane, akaweka akiba ya dola 400, na benki iliyomtunzia ikaanguka nazo. Akarudi Dawson's Landing na mifupa inayouma, akimtarajia mwanawe ampe dola moja tu kwa mwezi. Kijana alimfukuza kwa dharau. Ndipo alipomwambia apige magoti, naye akapiga, na magotini akasikia yeye ni mwana wa nani. Kutoka hapo matendo ya kijana yanazidi kuoza. Alikuwa mcheza kamari mwenye madeni, akiingia nyumba za watu kuiba huku amevaa nguo za kike. Wenyeji walimtafuta kizee mwizi kwa bidii, wakiongozwa na askari mmoja mwenye kiburi wa mji huo, na yeye kijana akiwacheka. Madeni yalipomzidi, mama yake alikubali kuuzwa tena utumwani ili amwokoe, kwa sharti asipelekwe kusini. Akamwuza kusini. Roxy akatoroka katika shamba la Arkansas baada ya kumpiga msimamizi aliyekuwa akimpiga mtoto. Mimi nimesoma vitabu vingi vyenye wahalifu wa kutisha, lakini tendo hilo la kumwuza mama aliyejitoa auzwe ndilo lililonifanya nifunge kitabu nitoke nje kidogo.

Usiku mmoja Jaji alikutwa ameuawa kwa kisu cha thamani kilichokuwa cha pacha mmoja wa Kiitalia. Mapacha walikuwa wa kwanza kufika, wakakamatwa. Wakili wa kuwatetea ni nani? Ni Kichwa-Uji, aliyeanza tu kupata heshima baada ya miaka 23. Juu ya mpini wa kisu kulikuwa na alama za vidole zenye damu. Wilson, kwa kuwa mwanamke mmoja alionekana akitoka kwa mlango wa nyuma, alipekua alama zote za wanawake wa mji. Hakupata kitu. Usiku wa kuamkia siku ya mwisho ya kesi, Tom akamtembelea ili amkejeli, akaokota kipande kimoja cha kioo, akakigeuzageuza, akakirudisha. Dole gumba lake likabaki juu yake.

Ni lazima niikatishe hadithi hapa ili niseme neno juu ya vidole, maana Twain alitia katika Missouri ya 1853 elimu ambayo haikuwako mahakamani po pote. Mtaalamu Jan Purkyně alikwisha eleza aina tisa za mistari ya vidole mwaka 1823, lakini hakusema kwamba zingefaa kumtambua mtu. Mwaka 1858 William Herschel, mtawala wa Kiingereza huko Bengali, alimtaka mkandarasi apige chapa ya kiganja chake juu ya mkataba, kwa shabaha ya kumtia hofu asije akaukana. Mwaka 1880 Henry Faulds, daktari wa Kiskoti aliyekuwa Japani, aliandika katika jarida la Nature kwamba alama hizi zaweza kumfichua mhalifu. Francis Galton akatoa kitabu kizima mwaka 1892, na Twain, aliyekuwa Ulaya wakati huo, akakipata mara moja. Mwaka huo huo, huko Argentina, dole gumba lenye damu lilimtia hatiani mama aliyewaua wanawe na kumsingizia jirani. Ofisi ya alama za vidole ilifunguliwa Calcutta mwaka 1897, na kazi ngumu ya kuzipanga aina zake ilifanywa na Azizul Haque na Hem Chandra Bose, ingawa sifa aliichukua mkubwa wao, Edward Henry, ambaye jina lake likapewa mpango huo. London iliufuata mwaka 1901. Hivyo kumbukumbu za polisi wa London zilipangwa kwa kazi ya Wahindi wawili, miaka saba baada ya wakili wa kitabuni.

Galton alitumaini jambo jingine pia. Alitaka kuona kama vidole vitamwonyesha kabila la mtu. Alilinganisha Waingereza na Wawelisi, Wayahudi na Waafrika. Hakuona tofauti ya maana, naye aliyeamini sana ubora wa damu fulani akalazimika kuandika hivyo. Lakini nani alitiwa vidole wino kwa wingi? Huko Kenya, sheria ya kuandikisha wenyeji ya mwaka 1915, iliyotekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimtaka kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 awe na kipande chenye alama za vidole vyake. Alikivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma, na wako waliokifananisha na kengele ya mbuzi. Kupinga kipande ni mojawapo ya mambo yaliyompa Harry Thuku wafuasi mwaka 1921. Ilipopangwa baadaye, katika miaka ya arobaini, kwamba watu wa rangi zote waandikishwe vivyo hivyo, walowezi walipiga kelele nyingi kwamba kutia vidole wino ni kuwadhalilisha.

Sasa mahakamani. Wilson anasimama mbele ya watu waliomcheka miaka 23, anageuza mgongo na kuwaomba wazee wa baraza na watu wengine wabonyeze vidole juu ya kioo cha dirisha. Anageuka, na kumtaja kila mmoja kwa alama yake. Kicheko kinakoma. Kisha anaonyesha michoro aliyoikuza kwa pantografu: alama za watoto wawili walipokuwa na miezi mitano, na tena miezi saba, kisha za miezi minane, na tazama, majina yamebadilishana vidole. Katikati ya tarehe hizo mbili, mtu alimtia mtoto huyu katika kitanda cha yule. Mwuaji wa Jaji ni yule aliyeitwa Tom, na Tom huyo ni mtumwa. Anapoambiwa aweke vidole vyake dirishani, kijana anaanguka na kuzimia. Roxy yuko magotini.

Kwa kawaida hadithi ya upelelezi huishia hapa. Mwenye kosa akijulikana, mambo hurudi mahali pake. Twain hakukubali. Kijana alihukumiwa kifungo cha maisha. Ndipo wakajitokeza watu waliokuwa wakimdai marehemu Percy. Hoja yao ilikuwa hii: kijana alikuwa mali ya Percy, na katika orodha ya mali ya marehemu alisahauliwa, lau angaliandikwa wangalimwuza zamani, naye asingalipata nafasi ya kumwua Jaji, basi mwenye hatia hasa ni orodha. Mji mzima ukaona hoja hiyo ni timamu. Mwungwana akiua hufungwa, lakini kumfungia mtumwa wa bei nzuri maisha yake yote ni kutupa mali. Gavana akatoa msamaha mara moja, na wadai wakamwuza kufuata mto, mahali pale pale mama yake alipoogopa asiende alipokuwa na miezi saba.

Na Tom wa kweli, yule mrithi? Alipata nyumba, fedha, jina na uhuru siku moja, akiwa na miaka 23. Hakujua kusoma wala kuandika. Ngozi yake ilikuwa nyeupe, lakini usemi wake ulikuwa ule wa vibanda vya watumwa, na mwendo wake, na kicheko chake, na namna ya kuinamisha macho anapoambiwa neno. Sebuleni kwa waungwana alitetemeka. Kanisani hakuthubutu kukaa katika viti vyao, na katika vile alivyovizoea hakuruhusiwa tena. Jikoni tu ndiko alikokuwa na amani, na jikoni alikuwa amekatazwa. Roxy, ambaye ndiye aliyemtia katika maisha yale, alipokea kwake dola 35 kila mwezi. Alizichukua, wala furaha yake haikurudi.

Nilipoisimulia hadithi hii darasani, wanafunzi hawakuuliza habari za Wilson wala za vidole. Waliuliza huyu mrithi alisema lugha gani nyumbani mwake mwenyewe, na kama alijifunza kusoma baadaye. Nikafungua ukurasa wa mwisho mbele yao. Twain anasema kwamba kumfuatilia mtu huyo zaidi kungekuwa hadithi ndefu, na anamwacha pale.